Trekta Dogo na Majani Makavu: Faida na Hesabu Zake kwa Chama cha Msingi

Kiangazi katika ukanda wa Ziwa Tanganyika huanza mwezi Juni na kuendelea hadi Septemba. Katika miezi hiyo miyombo iliyoko vilimani hupukutisha majani yake, na miembe ya Ujiji, ambayo haibaki uchi wakati wowote wa mwaka, nayo humwaga majani mengi kuliko kawaida. Nyua za maghala, barabara za mashamba, viwanja vya shule na mitaro ya maji hufunikwa. Aghalabu dawa inayotumika ni moja: majani hufagiliwa, hukusanywa penye nafasi, kisha hutiwa moto.

Vyama vya msingi vyenye trekta dogo la mkono, yaani pawatila, vimo katika nafasi ya kufanya vizuri zaidi ya hapo. Lakini hapana budi ieleweke tangu mwanzo kwamba majani ni mali, na trekta ni gharama. Chama kinachochoma majani hupoteza mali, na chama kinachowasha trekta kwa ajili ya majani peke yake hujiongezea gharama. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kupatanishwa.

HASARA YA KUCHOMA

Jani likiungua, karibu naitrojeni yake yote hupotea hewani pamoja na moshi, na salfa nyingi hupotea vivyo hivyo. Kinachobaki ni majivu yenye potasiamu, chokaa na sehemu ya fosforasi. Katika shamba la tambarare majivu hayo yaweza kuufaa udongo. Katika miteremko ya Kalinzi, Matyazo au Mwandiga, mvua za kwanza huyachukua kabla mizizi haijayafikia.

Hasara ya pili ni ya udongo wenyewe. Tone la mvua likianguka juu ya jani huvunjika nguvu, bali likianguka juu ya ardhi tupu hubandua udongo na kuusukuma bondeni. Udongo huo huishia katika mito kama Luiche na hatimaye ziwani. Utafiti uliofanywa katika sehemu ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba penye tope jingi lililotoka mashambani, aina za samaki na viumbe wadogo wa ufukoni zilikuwa chache kuliko penye maji safi. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa mkoani Kigoma mwaka 1994, ulianza kwa kushughulikia jambo hilo hilo la kurudisha miti na kuhifadhi udongo katika miteremko ya ziwa.

Hasara ya tatu ni ya moto unaowashinda waliouwasha. Upepo wa mchana wa kiangazi hauhitaji muda mrefu kuhamisha cheche kutoka uani hadi kwenye paa la nyasi au shamba la michikichi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya uchomaji wa mimea, na mwanachama anayeunguza mali ya jirani hawezi kujitetea kwa kusema alikuwa akifanya usafi.

SWALI LA KWANZA: JE, YAONDOLEWE?

Kabla ya kutoa trekta bandani, halmashauri ya chama yapaswa kuamua ni majani yapi yanayostahili kuondolewa. Si yote.

Majani yaondolewe katika mitaro na makalvati kabla ya mvua za Oktoba na Novemba, kwa sababu mtaro ulioziba hupindisha maji na kukata barabara. Yaondolewe pia kuzunguka ghala ili pawe na ukanda usioshika moto, chini ya meza za kuanikia kahawa, na katika njia wanazopita wavunaji.

Majani yaachwe mahali pake katika mteremko, ndani ya kahawa na kandokando ya vijito. Huko yanafanya kazi ya matandazo bila kulipwa ujira. Kuyaondoa na kuyaacha mashina wazi ni sawa na kuuza nguo ili kununua shuka.

Kwa michikichi ipo kanuni inayofahamika. Mashamba yaliyopandwa kwa nafasi ya meta 9 kwa mpangilio wa pembetatu huwa na michikichi 143 kwa hekta. Mchikichi mmoja uliokomaa hutoa matawi 20 hivi kwa mwaka, hivyo hekta moja huangusha karibu matawi 3,000. Hakuna sababu ya kuyasomba yote hayo. Hupangwa katika mstari mmoja na kuacha mstari wa pili wazi kwa ajili ya kupita, na penye mteremko hulazwa kukingama na maji. Trekta hupita katika mistari iliyoachwa wazi tu. Utaratibu huu una umuhimu zaidi tangu Serikali ilipoanza mwaka 2018 kuhimiza upya kilimo cha michikichi mkoani, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kupewa jukumu la mbegu bora.

MASHINE ZA NCHI ZA BARIDI

Katika nchi za baridi kama Marekani na Uingereza, miti mingi hupukutisha majani yote katika majuma machache kabla ya majira ya baridi. Wenye bustani kubwa hutumia trekta dogo la magurudumu manne linalovuta fagio. Magurudumu ya fagio huzungusha brashi, na brashi hurusha majani katika mfuko ulio nyuma. Zipo pia mashine zinazovuta majani kwa upepo, na nyingine zinazoyakatakata papo hapo kwa visu vya kukatia nyasi.

Vifaa hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya nyasi fupi na ardhi iliyosawazishwa. Nyua za Ujiji zina mizizi ya miembe iliyojitokeza juu, mashamba ya vilimani yana mawe, na brashi haidumu penye mawe. Funzo linalofaa kuchukuliwa kutoka huko ni la kanuni, wala si la mashine: majani ni mepesi lakini hujaza nafasi kubwa, kwa hiyo anayeyabeba lazima kwanza apunguze ukubwa wake.

TELA HUJAA KABLA YA KUWA ZITO

Meta moja ya ujazo ya majani makavu yasiyoshindiliwa kwa kawaida haina uzito wa zaidi ya kilo 100 hivi. Maji ya ujazo huo huo yana kilo 1,000. Tuchukue tela lenye urefu wa meta 2, upana wa meta 1.2 na kingo za meta 0.4. Ujazo wake haufiki meta moja. Tela hilo likijazwa majani, trekta huenda safari nzima na mzigo ambao watu watatu wangeubeba kichwani, na dizeli imetumika.

Mambo matatu husaidia:

(a) Kingo ziongezwe kwa fito au mianzi iliyofumwa hadi kimo cha meta 1.2. Tela lile lile sasa hubeba karibu meta 3 za ujazo, yaani mara tatu ya mwanzo.

(b) Majani yakanyagwe kila tabaka linapoongezwa. Mtu mmoja asimame ndani ya tela kwa kazi hiyo wakati trekta limesimama, na ashuke kabla halijaondoka.

(c) Majani magumu kama ya mwembe yatandazwe kwanza kwenye ardhi ngumu yakauke sawasawa, kisha trekta lipite juu yake mara kadhaa. Hupondeka, hupungua ukubwa, na baadaye huoza upesi.

Majani yaliyoloa ni jambo jingine. Hayo huwa mazito sana, na tela lenye kingo ndefu likijazwa majani mabichi au yenye maji laweza kupita kiwango linachoruhusiwa kubeba. Kingo za nyongeza ni za majani makavu tu.

MPANGO WA KAZI

Injini isiwashwe mpaka mizigo iwe tayari. Kosa linalogharimu vyama ni kutoa trekta asubuhi na kuliacha likinguruma huku watu wakifagia. Utaratibu ufaao ni huu:

1. Siku ya kwanza, wanachama katika msaragambo hufagia kwa reki na fagio za fito na kuweka mafungu kandokando ya njia, kila fungu mahali ambapo tela laweza kufika bila kugeuza mara nyingi.

2. Palipo mbali na njia, majani hukokotwa kwa turubai au gunia lililofumuliwa. Watu wawili hukokota kwa turubai kile ambacho kingehitaji vikapu vingi.

3. Mawe, chupa, vyuma na matunda yaliyooza hutengwa. Maembe yaliyoanguka yasichanganywe na majani, kwa sababu hulea funza wa nzi wa matunda, pamoja na yule nzi kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Matunda hayo yafukiwe shimoni kwa kina cha nusu meta au zaidi.

4. Siku ya pili, trekta hupita kukusanya mafungu, likianzia la mbali na kumalizia la karibu na lundo la mboji.

Masalia ya mimea yenye ugonjwa, hasa migomba yenye mnyauko, yasisafirishwe kabisa. Tela lililobeba ugonjwa kutoka shamba moja huupeleka katika mashamba yote linamopita.

USALAMA

Trekta la mkono lina tabia ambayo kila mwendeshaji hana budi kuijua. Katika tambarare, akibana klachi ya kushoto, trekta hukata kushoto. Katika mteremko mkali, tela linaposukuma kutoka nyuma, gurudumu lililoachiwa hukimbia kuliko lile lililoshikwa na injini, na trekta hukata kulia. Mwendeshaji asiyejua hilo hujikuta akielekea korongoni huku akiamini kwamba amegeuza vema. Kwa hiyo penye mteremko atumie gia ndogo tangu juu, asibadili gia njiani, aelekeze kwa kusukuma mikono ya usukani, na breki ya tela iwe imekaguliwa siku hiyo hiyo. Penye mteremko mkali mno trekta lisiende, watu wabebe.

Jambo la pili ni moto. Majani makavu hunasa karibu na bomba la moshi na kwenye rejeta. Kila baada ya safari chache injini izimwe na majani yatolewe. Trekta lisiegeshwe juu ya majani, wala dizeli isitiwe injini ikiwa ya moto. Ndoo ya mchanga ikae ndani ya tela. Kichujio cha hewa kisafishwe kila siku ya kazi hiyo, kwa sababu vumbi la majani hukiziba upesi na injini hukosa nguvu.

Mwisho, ndani ya mafungu ya majani hujificha nyoka na nge. Wakusanyaji wavae viatu vya kufunika mguu, na fungu lililolala usiku mmoja liguswe kwanza kwa uma au fimbo, wala si kwa mkono.

KUTOKA MAJANI HADI MBOJI

Majani makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Kwa kawaida sehemu 50 au zaidi za kaboni huwa na sehemu 1 tu ya naitrojeni, hali lundo huoza vizuri likiwa na sehemu 25 hadi 30 kwa 1. Ndiyo sababu majani matupu hukaa miezi mingi bila mabadiliko. Hapana budi yachanganywe na samadi au majani mabichi, na kipimo kinachofaa kuanzia ni vikapu vitatu vya majani makavu kwa kikapu kimoja cha samadi.

Lundo lianze kwa fito chini ili hewa ipite. Upana uwe meta 1.5 na kimo kisipungue meta 1, kwani lundo dogo halishiki joto. Kila tabaka linyunyiziwe maji kiasi kwamba konzi ya majani ikikamuliwa hutoa matone machache tu. Fimbo ichomekwe katikati. Baada ya siku chache ikitolewa yapasa kuwa ya moto na yenye unyevu. Ikiwa kavu, maji yaongezwe. Ikiwa baridi na yenye harufu mbaya, lundo lipinduliwe.

Kupindua hufanywa kila baada ya majuma matatu, na kazi hiyo ina faida ya pili. Mdudu mwenye pembe anayetoboa michikichi na minazi, ambaye watu wa pwani humwita chonga, hutaga mayai katika marundo yanayooza. Funza wake ni weupe, wanene na waliojikunja. Waokotwe na kupewa kuku.

Lundo lililoanzishwa mwezi Julai na kutunzwa hivyo huwa tayari mwezi Novemba, wakati wa kupanda. Lisiwekwe kando ya ziwa au mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahifadhi ukanda wa meta 60 kutoka ukingo wa maji, na mboji iliyosombwa na mafuriko haimfai mkulima wala mvuvi.

HESABU ZA TREKTA

Hapa ndipo katibu anapohusika zaidi. Tuchukue mfano wa kukokotolea tu: trekta na tela vilivyonunuliwa kwa Sh. 10,000,000 na kutarajiwa kudumu miaka 8. Uchakavu ni Sh. 1,250,000 kwa mwaka, trekta lifanye kazi au lisifanye. Likifanya kazi saa 100 kwa mwaka, uchakavu peke yake ni Sh. 12,500 kwa kila saa. Likifanya saa 500, ni Sh. 2,500. Dizeli, oili, vipuri na ujira wa mwendeshaji huja juu ya hapo.

Kazi ya majani ni ya majuma machache. Haiwezi kamwe kulilipa trekta, na chama kisidanganyike kununua trekta kwa sababu hiyo. Trekta hulipwa na kazi za mwaka mzima: kulima mpunga katika mabonde kama la Luiche, kusomba kahawa, mawese, samadi, maji na matofali. Majani yapewe nafasi katika safari ambazo tela lingerudi tupu. Tela lililoteremsha kahawa hadi ghalani lirudi na majani ya uwanja wa ghala hadi kwenye lundo la shambani. Safari ya namna hiyo humgharimu mwanachama kidogo sana.

Historia ya ushirika nchini inatoa onyo. Katika miaka ya 1960 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria liliendesha matrekta katika mashamba ya pamoja ya pamba Usukumani, na mpango ule uliishia katika hasara kubwa. Gharama za kulima zilikuwa juu kuliko zilizorudishwa, na madeni ya wakulima hayakukusanywa yote. Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009 na pawatila kuenea mikoani, ilionekana tena kwamba mashine hizo hufaa sana kwa udongo laini wa mpunga, lakini huchoka mapema katika ardhi ngumu na kavu. Trekta lolote lipewe kazi linayoiweza, na kazi hiyo iandikwe.

Daftari la trekta liwe na safu hizi: tarehe, kazi, saa ya kuanza na kumaliza, lita za dizeli, idadi ya safari, jina la mwanachama aliyehudumiwa, na fedha iliyolipwa au kudaiwa. Likaguliwe kila mwezi na kusomwa mbele ya halmashauri. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MBOJI NI YA NANI?

Miembe ya Ujiji ina wenyewe, hata ile iliyo kandokando ya njia kuu za zamani za misafara. Majani yanapokuwa takataka hakuna anayeyadai. Yanapogeuka mboji, wadai hutokea watatu: mwenye mti, aliyefagia, na chama chenye trekta. Ugomvi wa namna hiyo ni mdogo kwa thamani lakini hubomoa msaragambo wa mwaka unaofuata.

Yafaa basi mgawo uamuliwe kabla ya jani la kwanza kuokotwa. Njia iliyo rahisi ni kuhesabu kwa tela. Kila mwenye uwanja aandikiwe idadi ya tela zilizotoka kwake, kila mfanyakazi siku zake, na chama gharama za safari. Mboji ikiwa tayari igawanywe kwa uwiano huo, na sehemu ya chama iuzwe kwa wanachama wanaohitaji, fedha ikiingia katika mfuko wa matengenezo ya trekta.

YA KUPELEKA MKUTANONI

Chama kinachofikiria kununua trekta kikumbuke kwamba mkopo wake haupaswi kuvuka ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Chama ambacho tayari kina trekta kinaweza kuanza kiangazi hiki bila kununua chochote isipokuwa mianzi ya kuongeza kingo za tela.

Makatibu wanashauriwa kuwasilisha mbele ya wanachama, kabla ya mwezi Juni, mambo manne: orodha ya mahali pa kuondoa majani na mahali pa kuyaacha, jina la mwendeshaji aliyefundishwa kuteremka mlima, kanuni ya kugawana mboji, na daftari la trekta la mwaka uliopita, likiwa limefungwa kwa hesabu kamili. Daftari hilo likionyesha kwamba trekta halikupata kazi ya kutosha, wanachama wana haki ya kulijua jambo hilo kabla ya kuombwa kuchangia vipuri.